Pontifex: Cheo cha Kuhani Mkuu kutoka Roma hadi Got Kwer

Neno la Kilatini pontifex, ambalo Warumi wa kale walimwitia kila mmoja wa makuhani waliosimamia dini ya dola yao, liliwatatiza hata wenyewe. Varro, mwanachuoni wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliliona kuwa limetokana na pons, yaani daraja, na facere, yaani kufanya, kwa kuwa makuhani hao ndio waliojenga na kukarabati mara kwa mara daraja la mbao la mto Tiber lililoitwa Pons Sublicius; lakini papo hapo alieleza kwamba Quintus Scaevola, ambaye alikuwa pontifex maximus, yaani mkuu wa makuhani wote, alilinasibisha na kitenzi chenye maana ya kuweza. Ikiwa hata mwenye cheo alikuwa na rai yake, haifai kujenga teolojia nzima juu ya daraja hilo, ijapokuwa wahubiri wengi wamefanya hivyo.

Kazi ya cheo inafahamika vizuri kuliko asili ya jina. Makuhani hao walitunza kalenda, sheria za ibada na taratibu za mazishi, na mkuu wao aliwasimamia pia mabikira wa Vesta, waliolinda moto mtakatifu wa Roma. Julius Caesar alichaguliwa kukishika cheo hicho mwaka 63 KK, Augustus akakitwaa mwaka 12 KK, na tangu hapo kikabaki mikononi mwa makaisari hadi Gratian, kaisari Mkristo, alipokikataa katika nusu ya pili ya karne ya 4. Kabla ya hapo Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, alikuwa amekwisha kulitumia jina hilo kumkejeli askofu aliyejikweza; kisha tafsiri ya Kilatini ya Waraka kwa Waebrania ikampa Yesu neno lilo hilo, pale ambapo Biblia ya Kiswahili husema Kuhani Mkuu, na katika karne ya 15 mapapa wakawa wanalichonga kwenye majengo yao. Roma ya Kikristo, basi, ilirithi cheo hiki kutoka Roma ya miungu mingi, na anayeuliza kwa hasira ni nani aliyewapa wengine ruhusa ya kuwa na papa wao hana budi kulikumbuka hilo.

Swali hilo limeulizwa sana Nyanza Kusini, nchini Kenya. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamepanda Ukatoliki huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Asumbi ikiwa moja ya misheni zao kuu, na chama cha walei cha Legio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, kilienezwa Kenya na Edel Quinn, aliyefariki Nairobi mwaka 1944. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza umati wa Waluo, wengi wao Wakatoliki, katika kanisa jipya lililochukua jina la Legio Maria, likiwa na papa, makadinali, maaskofu na mapadri wake, na likishika Kilatini katika ibada wakati uleule ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulikuwa ukizifungulia lugha za wenyeji mlango wa Misa. Makao yake matakatifu ni Got Kwer, Migori, alikozikwa Ondeto aliyefariki mwaka 1991.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kwa waumini wake Ondeto si papa, bali ni Masihi aliyewajia Waafrika, na papa wa Legio Maria yuko chini yake. Hivyo ukuhani mkuu wa Got Kwer, kama ule wa Vatikano, ni uwakilishi wa mwingine aliye mkubwa zaidi. Tofauti iko katika chanzo cha idhini, kwani askofu wa Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993 na kuijumuisha Migori, huteuliwa na Roma kwa mfululizo wa urithi, ilhali Legio Maria ilisimama juu ya ushuhuda wa watu walioponywa na kubatizwa. Hata hivyo ushuhuda nao haukuweza kuzuia mgogoro wa urithi, uliofikia hatua ya watu wawili kudai upapa kwa wakati mmoja, jambo ambalo Roma yenyewe ililipitia kati ya 1378 na 1417.

Waraka kwa Waebrania unaweka vipimo viwili: kuhani mkuu hajitwalii heshima hiyo mwenyewe, na huwachukulia kwa upole wanyonge kwa sababu naye ameshikwa na udhaifu. Makanisa yote mawili yamebishana mno kuhusu kipimo cha kwanza na kukipa cha pili nafasi ndogo, na hasara hiyo inaonekana wazi kwa Gaudencia Aoko, ambaye aliwafikia wanyonge, wanawake hasa, kuliko wengi wenye vyeo, kisha akasukumwa pembeni na uongozi ulioshikwa na wanaume. Wasomi na kaunti za Migori na Homa Bay wana wajibu wa kuandika ushuhuda wa wazee waliouona mwanzo wa Legio Maria, wakiwauliza walichokitafuta kwa kuhani kabla ya kuwauliza walimtii papa yupi.