Kufuli Katika Mali Iliyonunuliwa

Mtu anaponunua kitu, hununua nini hasa? Swali hili lilikuwa jepesi zama ambazo kinunuliwacho kilikuwa mkeka au mtungi. Anunuaye mkeka huulalia, huutoa zawadi, hata huufumua akitaka, na aliyeusuka hana tena kauli juu yake. Diski ya filamu imelitia swali hilo fundo.

Diski za Blu-ray ziliingia sokoni mwaka 2006. Husomwa kwa mwale wa leza ulio mwembamba kuliko ule wa DVD, na kwa hiyo alama nyingi zaidi hupata nafasi: tabaka moja hubeba gigabaiti 25, ilhali tabaka la DVD hubeba 4.7. Lakini pamoja na picha hiyo safi, diski imebeba kufuli. Yaliyomo yamefumbwa kwa mfumo uitwao AACS, na chombo kisicho na ufunguo hakioni humo ila alama zisizo maana.

Na atazamwe mnunuzi wa Marekani aliyezilipia filamu zake kwa jasho lake. Anataka kuzinakili katika kompyuta ya nyumbani, watoto wasije wakazikwaruza diski. Hauzi wala hagawi. Hata hivyo, sheria ya nchi yake ya mwaka 1998, iitwayo DMCA, inamkataza kulivunja kufuli lile. Uingereza nako, Oktoba 2014, mtu aliruhusiwa kunakili diski yake ya muziki kwa matumizi yake mwenyewe. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo. Diski ni ile ile na nyumba ni ile ile, lakini kilichokuwa halali kwa miezi tisa kikarudi kuwa kosa. Sheria ya namna hii yaweza kumwonya mtu juu ya adhabu. Kumwonyesha wema na uovu ni kazi nyingine.

Hata hivyo, si haki kuwapuuza wenye filamu. Filamu moja ni kazi ya mikono mingi: ya mtunzi, ya mpiga picha, ya mshona mavazi. Nakala ya kompyuta haichujuki. Ya elfu ni sawa na ya kwanza, na ikishatoka mlangoni hairudi. Aidha, watasema kwamba mnunuzi alijua kuwa kufuli lipo, na ahadi ni deni. Lakini ahadi huhitaji wawili waliosemezana. Mnunuzi hakuulizwa neno. Alikuta kufuli ndani ya mali aliyokwisha kuilipia.

Tena kufuli halina macho. Halimtambui mwizi wala mlinzi. Mwezi Februari 2008 kampuni ya Toshiba ilitangaza kuziacha HD DVD, zilizokuwa zikishindana na Blu-ray. Aliyekuwa amezinunua alibaki na diski nzima zinazosubiri siku ya kufa kwa mashine yake ya mwisho. Kwa mtu huyo nakala ni njia ya kukiokoa kile alichokwisha kukilipia.

Historia nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1922 F. W. Murnau alitoa filamu ya Nosferatu, iliyojengwa juu ya riwaya ya Dracula bila ya idhini. Mjane wa Bram Stoker alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziangamizwe. Mjane alikuwa na haki yake, hapana shaka. Lakini zilikuwapo nakala zilizosalimika, na ni kwa sababu hiyo tu filamu ile ingalipo duniani. Pwani ya Waswahili nayo inalijua jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangalipotea mengi lau si Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia William Taylor kuyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna amwitaye Mwalimu Sikujua mwizi. Hakuukata mkono wa Muyaka uliokuwa ukitafuta riziki, wala hakulifuta jina lake juu ya beti zake. Alihifadhi amana.

Basi mizani si kufuli. Mizani ni maswali mawili: nakala hii inamnyima nani chake, na inamhifadhia nani chake? Anayenakili diski yake na kuiweka ndani hamnyimi mtu. Anayenakili, kisha akaiuza diski na kubaki na nakala, amekula mara mbili kwa bei moja. Anayeazima diski ya rafiki na kuirudisha kesho, nakala ikiwa imesalia kwake, amejilipa kutoka mfuko usio wake.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, huja kwa sura ya wema. Jirani anabisha hodi na kuomba agaiwe filamu ile iliyomo kwenye kompyuta. Kumpa hakumgharimu mwenye nyumba hata senti, na kumnyima jirani ni aibu. Lakini hapo ndipo pa kupima: ukarimu ni kutoa kilicho chako. Na amwazime diski yenyewe, akae usiku ule bila nayo, kama alivyokaa bila mkeka wake aliyemtandikia mgeni.