Mstari Ulioongezwa Kwenye Fomu

Jumapili ya tarehe 4 Machi 2012, kwenye ghala la msimbo wa Ruby on Rails, fremuweki ya kujengea tovuti, lililohifadhiwa GitHub, liliingia faili ambalo wenye ghala hawakulijua. Aliyeliingiza ni Egor Homakov, mpangaji programu kutoka Urusi. Hakuiba nywila ya mtu. Alifungua fomu ya kawaida, akaiongezea mstari mmoja, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Fomu hiyo ilikuwa ya kusajili ufunguo wa SSH, ule unaoitambulisha kompyuta yako kwa seva ili ukubaliwe kuingiza msimbo. Mtumiaji alitakiwa kujaza jina la ufunguo na ufunguo wenyewe, basi. Lakini kwenye hifadhidata, jedwali la funguo lilikuwa na safu nyingine ambayo fomu haikuionyesha: user_id, yaani namba ya mwenye ufunguo. Homakov aliiandika safu hiyo kwenye fomu kwa mkono wake, akaijaza namba ya akaunti ya Rails. Seva ikapokea, ikahifadhi. Tangu hapo ufunguo wake ukahesabiwa kuwa wa Rails, naye akawa na uwezo wa kuandika kwenye ghala la watu ambao hawakumpa ruhusa.

Iliwezekanaje? GitHub yenyewe ilijengwa kwa Rails, na fremuweki hiyo ilikuwa imempunguzia mpangaji programu kazi ya kuchosha. Badala ya kuhamisha jina, kisha simu, kisha anwani, amri moja ilichukua kila kilichofika na kukimwaga kwenye safu zenye majina yanayolingana. Ni kama karani wa masjala anayenakili chochote alichokikuta kwenye karatasi, hata kile mwombaji alichojiandikia pembezoni: “Nipandishwe cheo.” Mjenzi wa tovuti akiona nafasi mbili kwenye skrini, huamini zitarudi mbili. Kwa nini ziwe mbili? Kivinjari ni cha mtumiaji. Anaweza kuibadili fomu kwa zana zilizomo humohumo ndani ya kivinjari, au akakiacha kabisa na kutuma ombi kwa kutumia zana kama curl.

Dosari hiyo haikuwa siri. Rails yenyewe ilikuwa na kinga, attr_accessible, inayotaja safu zinazoruhusiwa kujazwa kutoka nje. Ila kinga hiyo ilikuwa hiari, na asiyeikumbuka alibaki wazi bila dalili yoyote. Siku chache kabla ya Jumapili ile, Homakov aliwaandikia waendelezaji wa Rails akitaka iwashwe tangu mwanzo. Alijibiwa kwamba hilo ni jukumu la anayejenga programu. Siku hizohizo akafungua kwenye GitHub taarifa ya hitilafu yenye tarehe ya mwaka 3012, maana hata tarehe ya kuundwa ilikubali kujazwa na mtu wa nje. Watu wakacheka. Faili lilipoingia, kicheko kikaisha, kwa sababu GitHub ilijengwa na watu walioijua Rails kuliko wengi wetu, na bado walisahau.

GitHub ilisimamisha akaunti ya Homakov, ikaziba tundu siku hiyohiyo, kisha ikamrudishia akaunti baada ya kuridhika kwamba hakuwa na nia mbaya. Siku chache baadaye iliwataka watumiaji wake wakague funguo zao upya. Wapo wanaomwita Homakov shujaa. Mimi naona kuandika ndani ya ghala la wengine ni kuvuka mpaka, lakini sioni ni hoja gani ya maandishi ingewaamsha haraka hivyo.

Mwezi haujaisha, toleo la Rails 3.2.3 likatoka likiwa na kinga iliyowashwa kwa kila programu mpya. Mwezi Juni 2013, Rails 4.0 ikalihamisha suala lote hadi mlangoni, pale ombi linapopokewa: params.require(:public_key).permit(:title, :key). Kisichotajwa hakipiti. Ukijaribu kuhifadhi vilivyoletwa bila kuvichuja, programu inakataa kwa kosa la wazi. Usahaulifu sasa unakuumbua mwenyewe mezani kwako, kabla mgeni hajaugundua.

Kigezo kisichotarajiwa kikifika, je, kitupwe kimya au ombi zima likataliwe? Hapa pana mjadala wa haki. Fomu halali hubeba ziada zake: jina la kitufe kilichobonyezwa, tokeni ya usalama, hata nafasi iliyofutwa juzi lakini ingali kwenye ukurasa ambao mtu aliuacha wazi tangu asubuhi. Ukikataa yote, unawaadhibu wasio na kosa. Rails inakupa njia tatu, kunyamaza, kuandika kwenye kumbukumbu, au kutoa kosa, na ningeshauri kosa litolewe wakati wa kujenga na kujaribu, ila kwa wateja halisi kigezo kitupwe na kiandikwe. Kumbukumbu ikionyesha mtu anajaribu is_admin mara kwa mara, umeshamjua.

Kosa jingine ni kuorodhesha vilivyokatazwa badala ya vinavyoruhusiwa. Spring, fremuweki ya Java, ilirekebishwa mwaka 2010 baada ya kugundulika kwamba vigezo vya fomu vingeweza kupenya kupitia class hadi classLoader. Njia hiyo ikazuiwa kwa jina. Kisha Java 9 ikaleta module, na njia mpya ikazaliwa: class.module.classLoader. Ilipofichuka Machi 2022 ikaitwa Spring4Shell, na iliwawezesha washambuliaji kuendesha msimbo wao kwenye seva za watu. Orodha ya 2010 haikuweza kukataza jina ambalo halikuwepo.

Wewe unayejenga kwa Laravel, tafuta kwenye mradi wako $guarded = [] inayokwenda pamoja na $request->all(). Wa Django, tafuta fields = '__all__'. Halafu fungua fomu yako ya wasifu kwenye kivinjari, iongezee nafasi yenye jina la safu inayobeba cheo cha mtumiaji, itume, kisha uangalie hifadhidata imeandika nini. Fanya hivyo kabla hujaipeleka kwa wateja.