Jenereta Iwekwe Wapi?



Sisi tulioko Hyattsville na vitongoji vingine vya Washington hupigiwa simu kutoka nyumbani: umeme hakuna, tutumieni chochote tununue jenereta. Tunatuma, na dhamiri zetu zinatulia. Lakini tujiulize: jenereta hiyo iwekwe wapi, na kwa faida ya nani?

Wahandisi wanalo jibu lao. Umeme ukisafiri mbali kwenye waya, sehemu yake hupotea kuwa joto. Mkondo ukiongezeka mara 2, upotevu huongezeka mara 4, na mwisho wa laini taa hufifia. Kwa hiyo jenereta ndogo huwekwa karibu na watumiaji, pale itakapopunguza upotevu mwingi zaidi. Nayo isizidi kiasi, maana ikizidi huweza kuunguza vyombo vya watu.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina upofu mmoja: humhesabu aliyekwisha kupata waya. Penye hoteli na viyoyozi ndipo penye mkondo mkubwa na upotevu mkubwa. Kijiji kisicho na nguzo hakipotezi kitu, basi kwenye hesabu hakipo. Na Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Unguja ilitufunza. Umeme wa kutoka bara ulikatika Mei hadi Juni 2008, ukakatika tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta ndogo zilinguruma madukani na majumbani mwa wenye uwezo, huku pampu za maji zikisimama na watu wakihangaika na ndoo. Aliyepanga mahali pa jenereta alikuwa mfuko wa mtu. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za shirika la MCC la Marekani, lakini swali limebaki.

Hapa Maryland, paneli za sola juu ya paa kwa kawaida hujizima umeme wa mtaa ukikatika. Mwenye nyumba hulalamika: jua linawaka, mbona sina umeme? Sababu ni fundi aliye juu ya nguzo, maana umeme ukimrudia kwenye waya anaodhani umezimwa, utamwua. Kumbe hata mali ya mtu binafsi, ikishaungwa na laini ya wote, ina wajibu kwa mtu asiyemfahamu.

Kwa maoni yetu, swali la kwanza liwe: nani akikosa umeme ataumia zaidi? Tuanze na kisima cha mtaa na zahanati yenye friji ya chanjo. Hesabu ya upotevu ifuate baadaye, ichague nguzo.

Mtu atasema: mimi namtumia mama yangu, si mtaa mzima. Ni haki yake. Lakini mama naye hunywa maji ya kisima kile kile. Familia 5 au 6 za mtaa mmoja zikichanga, jenereta moja kisimani itamfaa mama na jirani asiye na mtoto ughaibuni. Basi simu ijayo ikija, kabla ya kutuma, tuulize kwanza: maji mnateka wapi?