Aliyebaki Nyuma

Kaskazini ya Uingereza uko mlima uitwao Helvellyn, wenye kimo cha meta 950. Njia yake moja hupita juu ya mgongo mwembamba wa miamba, Striding Edge: kulia genge na ziwa dogo chini yake, kushoto bonde tupu.

Wakati wa likizo ya chuo nilipita huko na rafiki yangu. Upepo ulikuwa mkali. Nikatangulia, nikijisifu moyoni kwa wepesi wa miguu. Nilipogeuka nilimwona mbali, ameukumbatia mwamba kwa mikono miwili, wala haniiti. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakuniita. Nikarudi, tukaenda polepole sana.

Juu tulikuta jiwe la ukumbusho wa Charles Gough, aliyefia huko mwaka 1805. Mwili wake ulipopatikana baada ya miezi mitatu hivi, mbwa wake alikuwa bado yupo kando yake. Nikakumbuka kuwa Kurani Tukufu, katika Sura Al-Kahf, haikuacha kumtaja mbwa wa Watu wa Pangoni. Mnyama alibaki, mimi, mwalimu wa dini, nilikuwa nimekwenda zangu!

Nilimwomba radhi rafiki yangu pale pale, kabla hatujasali Adhuhuri.