Mashine Ikitoa Shauri, Nani Atajibu?

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket huko Marekani, meli mbili za abiria ziligongana: Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden. Watu 51 walikufa. La ajabu ni kwamba zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilikwisha kuiona nyingine katika kioo cha rada kabla jicho halijaona taa. Upande mmoja waliamini kwamba watapishana kwa kulia, upande wa pili kwa kushoto. Andrea Doria ilikuwa katika ukungu, nayo ilipunguza mwendo kidogo tu. Twadhani nahodha asiye na rada angaliogopa zaidi.

Siku hizi vyombo vimeendelea. Kompyuta hupima jinsi meli mbili zitakavyokaribiana na dakika zilizosalia, hupiga kengele, na nyingine humwambia mshika zamu ageuze wapi, tena kwa nyuzi ngapi. Basi twajiuliza: afisa akilifuata shauri hilo na watu wakafa, lawama ni ya nani? Na je, akilikataa, kumbe lilikuwa sahihi?

Tusiwe wepesi wa kuidharau mashine. Saa kumi ya alfajiri mtu husinzia, mashine haisinzii. Asiyetaka kuisikiliza kwa sababu ya kiburi cha uzoefu wake, huyo naye anacheza na roho za watu.

Lakini sheria za kuzuia migongano baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972, zadai mlinzi atumie macho na masikio pamoja na kila njia iliyopo. Zakataza kukisia kwa habari haba, hasa za rada. Nazo hazimwondolei mwenye meli, wala nahodha, wala mabaharia, lawama ya uzembe. Twaona ni haki kwamba mwenye meli ametajwa, maana mara nyingi hasemwi. Akinunua chombo kipya, kisha kwa ajili hiyo akapunguza watu wa zamu, na yule aliyebaki akachoka, je, ataosha mikono kwa kusema kwamba afisa ndiye aliyekuwa usukanini?

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani tunalijua. Mashine hupigia hesabu kile ilichokiona tu. Ngalawa ya mbao hairudishi vizuri mawimbi ya rada, hasa bahari ikichafuka, na mvuvi wetu hana chombo cha kutangaza jina lake wala mahali alipo. Ana taa moja, pengine ya mafuta. Katika kioo pale mbele ni peupe, na shauri ni kwamba njia ni salama. Afisa aliyesoma hivyo, akatoka nje gizani kutazama kwa macho yake, kengele haikumwita. Naye asipotoka, hakuna atakayemwuliza, isipokuwa wale wanaongoja ufukweni asubuhi.