Ukarimu wa Kitu Kisichowekeka

Ipo hoja ya kale isemayo kwamba fadhila haihesabiwi kuwa fadhila ila kwa mwenye uwezo wa kuizuia. Atoaye kwa kuwa hana budi hakutoa, bali amenyang'anywa kwa adabu. Hoja hii hupendeza masikioni, na wengi wameipokea bila ya kuijaribu. Mahali pa kuijaribu si lazima pawe darasani. Migombani Kihanga, katika wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, panatosha, kwa kuwa huko hutengenezwa kinywaji ambacho uhai wake hauzidi sana siku tatu au nne.

Kinywaji hicho ni rubisi, pombe ya ndizi. Husemwa kuwa hupikwa, ingawa kinachoonja moto hasa ni mtama wake tu. Ndizi zake si zile zipikwazo kwa chakula, bali ni za aina ya pekee, chungu zikiwa mbichi. Huivishwa shimoni zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba, au darini juu ya meko, kwa siku tano au sita. Kisha humenywa na kutiwa katika gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, na wenyeji hukiita chombo hicho kwa jina lile lile la mtumbwi. Mtu wa kisiwani angestaajabu kuona mtumbwi usioijua bahari, umejaa ndizi, na wanaume wamo ndani wakizikanyaga kwa miguu. Hukanyaga pamoja na nyasi, nazo nyasi hukamata makapi na kuyaachia maji yashuke. Maji hayo ni matamu na hayalevyi. Mtoto hupewa akanywa, na hata asiyegusa kileo maishani mwake hana la kuogopa hapo. Baadaye hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa, na baada ya usiku mmoja au miwili maji huanza kutokota pasi na moto. Hamira haikununuliwa popote. Imo katika mtama, katika hewa, na katika mbao za chombo chenyewe.

Siku zikipita, utamu huwa ukali, na ukali huwa siki. Kwa hiyo aliyejaza mtumbwi hawezi kukaa nao peke yake. Huwaita jirani, ndugu, na waliomsaidia kulima. Penye posa, penye msiba, penye ugomvi unaotaka suluhu, rubisi ndiyo ikaayo katikati. Zamani ilikuwa na njia yake ya kuelekea ikulu pia. John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Rumanika, Omukama wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861, waliikuta pombe ya ndizi ikiwa sehemu ya heshima ya mji. Wala wao hawakuwa wageni wa kwanza kutoka upande wa bahari. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta hapo Hamed Ibrahim, Mwarabu aliyekwisha kuishi Karagwe miaka mingi. Hao waliishi miongoni mwa migomba kwa imani yao, na mji ukawastahamilia, nao wakaustahamilia.

Sasa hoja ya kale inarejea. Ikiwa rubisi itaharibika keshokutwa, je, mwenye kuwaita jirani ni mkarimu, au ni mtu anayeokoa mali isimwozee mkononi?

Swali hili hunoga zaidi likitazamwa kutoka nchi ambako majokofu si haba. Mwaka 1996 Teo Musso alianza kutengeneza bia katika kijiji cha Piozzo, kaskazini mwa Italia, akaiita Baladin. Mwaka huo huo walianza wenziwe wa Birrificio Italiano, na wa Lambrate mjini Milano. Italia ilikuwa nchi ya mvinyo, na bia yake ilitoka katika viwanda vikubwa. Hawa waliitengeneza kidogo kidogo, nyuma ya baa zao wenyewe, na wengine katika nchi hiyo wakaja kutia njugu za miti ya milimani au maji ya zabibu, yaani mazao ya mashamba yao. Hatimaye dola likawatambua. Sheria ya mwaka 2016 ilisema bia ya mafundi ni ile ya kiwanda kidogo kinachojitegemea, kisichozidisha hektolita 200,000 kwa mwaka (huo udogo, Kihanga ungeitwa ziwa), tena bia ambayo haikuchemshwa ili kuua hamira, wala haikuchujwa kwa chujio jembamba mno. Yaani sheria ilichukua udhaifu wa kinywaji, ule uwezo wake wa kuharibika, ikaufanya kuwa alama ya ubora.

Kwa mizani ya hoja ya kale, fundi wa Piozzo ndiye mwenye fadhila, kwa sababu angeweza kuiua hamira naye akaiacha hai. Mnyambo wa Kihanga hana sifa yoyote. Ameacha tu kufanya asiloweza.

Lakini si kweli kwamba haliwezi. Tangu utoneshaji ulipoenea, rubisi inaweza kuwekwa: huchemshwa, mvuke wake hupozwa, na kinachotiririka ni gongo. Gongo haliozi. Hutiwa chupani, hufichwa mvunguni, huuzwa mwaka ujao kwa mtu asiyejulikana. Sheria ya moshi ya mwaka 1966 ililikataza, na wako walioangamia kwa kulinywa, walakini halijakoma. Basi kila mtumbwi unaofunuliwa mbele ya jirani ni mtumbwi ambao ungeweza kufanywa chupa. Mwenyewe alichagua, na huo uhuru ambao hoja ya kale inautaka ulikuwapo siku zote, ila haukutazamwa. Tena yule wa Piozzo alichagua kuiacha hamira hai. Hakuchagua kwa hayo kumwita jirani. Chupa yake huwekwa mezani kando ya mvinyo, kwa anayeweza kulipa bei yake. Ufundi unafanana, mgeni ndiye hafanani.

Hata hivyo ukarimu wa Kihanga usisafishwe kupita kiasi. Kukanyaga ni kazi ya wanaume, ilhali jembe la migombani aghalabu limo mikononi mwa mwanamke. Mara nyingi aliyetaja majina ya wageni siye aliyepalilia. Kutoa jasho la mwenzio ni jambo jepesi, na mizani ya uhuru iliyompima mume yafaa impime na mke: yeye aliulizwa lini? Kuna pia nyumba ambazo ada ya mtoto iliishia katika kibuyu, na hapo hapana cha kusifu.

Watu wa pwani husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rubisi haikupata bahati mbaya ya kusifiwa. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliiweka katika fungu la pombe za kienyeji, na mwenye cheo alipotaka kumkirimu mgeni wa mjini alituma bia ya chupa. Kilichoijia si sifa, ni maradhi. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulithibitika mkoani Kagera. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na visu kutoka shina hadi shina. Wakulima walifundishwa kulivunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na kung'oa shina lililougua hata kama mkungu wake ungali unatamanisha.

Mkungu ukipungua, bei hupanda, na mnunuzi huja na pikipiki na madumu yake asubuhi, kabla ya majani kuondolewa juu ya mtumbwi. Hulipa taslimu, na hulipa kwa dumu zima. Jirani atafika jioni, mikono mitupu, kama alivyofika babaye. Mwenye mtumbwi ana usiku mmoja, au miwili, wa kuamua ni nani atakayemkuta na kitu.