Na Kama Maji Hayakuja?

Leo nataka niwasimulie safari moja ya bei rahisi iliyoharibika, halafu niwaulize swali ambalo limenisumbua miaka kadhaa. Mtu akiwazuia kufanya jambo kwa sababu ya hatari, na ile hatari isitokee, je, alikuwa sahihi, ama aliwaharibia tu siku?

Ilikuwa Aprili 2018. Mnakumbuka masika ya mwaka ule. Mwezi uliotangulia barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikuwa imepasuka pale Suswa, na kila jioni habari zilikuwa za mafuriko. Sisi tulikuwa vijana wanane, wengi hatuna kazi ya maana, wawili bado wako chuo. Tukachanga shilingi 3,500 kila mtu, pesa zikatumwa kwa M-Pesa ya dada mmoja tuliyemwita Mhazini. Yeye aliandika kila kitu kwa daftari: matatu ya Naivasha, baiskeli za kukodi, kiingilio cha mbuga, unga, sukuma, majani ya chai. Mahema mawili tuliazima. Mpango ulikuwa siku tatu: siku ya kwanza tupande Longonot, siku mbili zilizobaki tuwe Hell's Gate, tuendeshe baiskeli katikati ya pundamilia na tushuke lile korongo la Ol Njorowa. Hell's Gate ni moja ya mbuga chache za Kenya ambazo unaingia kwa miguu yako ama kwa baiskeli, na ndiyo maana sisi watu wa mfuko mwepesi tunaipenda.

Usiku wa kuamkia safari tuliomba. Tulikemea ajali, na mvua nayo tukaikemea. Hapo niseme kitu kidogo kwa upande. Wakati sisi tunakemea mvua Nairobi, mamangu kule Njoro alikuwa ametoka kupanda mahindi na anashukuru kwa kila tone. Mimi na mama tunaomba kwa Mungu mmoja. Hilo ni somo la siku nyingine.

Longonot hatukuipanda. Mvua ilitupata tukishuka kwa matatu, na tulipofika chini ya mlima njia ilikuwa tope la kuteleza tu. Tulikaa kwa kibanda cha chai saa nne nzima tukila chapati ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Mama mwenye kibanda alituonea huruma akatuachia jiko tukaushe soksi. Usiku hema moja likaingiza maji, basi tukalala wote wanane kwa hema la watu wanne, mabegi yetu ya mgongoni yakiwa juu ya miguu. Kufikia asubuhi, ule mpango wa siku tatu ulikuwa umebaki na kitu kimoja tu. Korongo.

Na asubuhi hiyo jua likawaka. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Tulimkuta mwongozaji, mzee wa makamo aliyevaa gambuti na koti la mvua ingawa hakuna mvua. Tukamsalimia, tukamwambia tunataka kushuka. Akatuangalia, akaangalia mbali upande wa juu, akasema, "Leo hapana, wanangu. Huko juu kumenyesha usiku kucha. Mimi sishuki, na nyinyi pia nawashauri msishuke."

Kwa wale hawajafika, niwaeleze. Korongo lile ni njia ya maji. Limechimbwa na maji, na maji hayajasahau njia yake. Kuna mahali kuta zimekaribiana hata ukinyoosha mikono unagusa huku na huku, na kupanda juu haraka haiwezekani. Mvua inaweza kunyesha mbali sana, kwa vilima usivyoviona, maji yakajikusanya, yakaja yote kwa pamoja kwa ule mfereji mwembamba wakati juu ya kichwa chako ni jua tupu. Kwa hivyo anga unayoiona ukiwa huko chini haikuambii chochote. Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuwa ndani ya korongo hilo mafuriko ya ghafla yakawapata, saba wakafa. Mzee alitukumbusha hilo kwa sauti ya chini, bila kututisha.

Sasa sikilizeni tulivyojibu, kwa sababu sisi wote huwa tunajibu hivi.

Wa kwanza akasema, "Lakini tumeshalipa." Wa pili akasema, "Tuliombea hii safari. Kwani Mungu wetu ni wa siku ya jua peke yake? Tushuke kwa imani." Wa tatu, na huyo nilikuwa mimi, na nilisema kwa sauti kubwa, akasema, "Si muangalie juu! Hata wingu hakuna."

Mhazini akafunga daftari lake. Akasema yeye hashuki, na pesa ya korongo haitoi kwa mtu yeyote. "Mkitaka, mniondoe uhazini mkirudi Nairobi." Watano wetu tulitaka kushuka, wawili wakanyamaza, na yeye peke yake akasimama upande wa mzee. Bila pesa na bila mwongozaji hatukuweza. Tukaendesha baiskeli hadi pale Fischer's Tower tukarudi, nyuso zimekunjamana kama za watoto walionyimwa soda.

Na maji hayakuja.

Nataka mshike hapo. Tulikaa mpaka jioni tukisikiliza, wengine wetu, Mungu anisamehe, karibu tukitamani yaje. Hayakuja. Korongo lilikaa kimya siku nzima. Kesho yake kwa matatu ya kurudi Nairobi hakuna aliyeketi karibu na Mhazini. Alipofika nyumbani alipiga hesabu, akatutumia kila mmoja shilingi 240 zilizobaki pamoja na picha ya ukurasa wa daftari. Hakuna aliyemjibu hata asante. Kwetu jambo lilikuwa wazi: aliogopa bure.

Tuanze na lile la pesa, kwa sababu ndilo rahisi. Zile 3,500 zilikuwa zimeenda. Tukishuka zimeenda, tusiposhuka zimeenda. Mama mboga akinunua kreti ya nyanya Marikiti akafika nyumbani akapata nusu zimeoza, hawapikii watoto zile zilizooza ati kwa sababu alizilipia. Anajua hasara imeshaingia, kilichobaki ni asiongeze tumbo la kuendesha juu yake. Sisi tuliosoma tulishindwa na hesabu ya mama mboga.

La imani ni gumu zaidi, na sitaki kulirukia. Yule ndugu aliyesema tushuke kwa imani hakuwa mnafiki, na hadi leo ni mwombaji kuniliko. Lakini soma Mathayo 4. Yesu anaambiwa ajirushe kutoka juu ya hekalu, na anayemwambia anamtolea hata andiko, na Yesu anakataa. Hakuwa na upungufu wa imani. Kuna tofauti kati ya kuingia hatarini kwa sababu umetumwa na kuingia hatarini kwa sababu ulikuwa umepanga wikendi. Sisi tulikuwa na wikendi tu. Na tena, kama tuliomba Mungu atulinde, yule mzee wa gambuti alikuwa nani? Tulitaka jibu lije kutoka mbinguni, likaja likiwa na ndevu nyeupe, tukalikatalia.

Lakini lile langu, la "hakuna hata wingu", ndilo limenikaa. Fungua Matendo 27. Paulo ni mfungwa ndani ya meli, wako Krete mahali panaitwa Bandari Nzuri, na majira ya kusafiri yamepita. Anawaonya. Akida anamwamini nahodha na mwenye meli kuliko mfungwa, na hilo ni la kawaida, nani anasikiliza mfungwa? Wengi wanasema twende, kwa sababu bandari hiyo si nzuri kukaa wakati wa baridi. Halafu unakuja upepo mpole wa kusini, na wao wanaona mambo yamenyooka. Ule upepo mpole ndio jua letu la Naivasha. Yaliyofuata mnayajua: dhoruba siku nyingi, shehena baharini, meli ikavunjika, na watu 276 wakafika Malta wakiwa hai kwa neema, ambako wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi.

Tumehubiri sana hadithi hiyo, na kila mara tunasema Paulo alikuwa sahihi, mwaona dhoruba ilikuja. Mimi nauliza, na kama wangemsikiliza? Wangekaa Bandari Nzuri miezi ya baridi, wakila chakula kibaya na kulala pabaya. Dhoruba ingepita huko baharini bila meli ya kuvunja. Hakuna hata mmoja kati ya wale 276 ambaye angejua ameokolewa. Wangemnung'unikia Paulo mpaka majira ya kusafiri yarudi, na Luka pengine hangekuwa na cha kuandika. Paulo angekuwa sahihi vile vile, lakini angekosa shahidi.

Mtu anayewageuza nyuma kwa wakati ana shida hiyo siku zote. Akifaulu, hana cha kuonyesha. Ushahidi wake ni kitu ambacho hakikutokea, na nani atasimama kanisani kutoa ushuhuda wa mafuriko yasiyokuja?

Septemba 2019 nilikuwa kazini, redio inaendelea, nikasikia jina la korongo. Watalii walikuwa wamepatwa na maji ya ghafla Hell's Gate. Watu saba walikufa, na mmoja wao alikuwa mwongozaji. Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi. Jioni nikampigia Mhazini. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Sasa nimeona ulikuwa sahihi."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kwa hivyo bila maiti hungeniamini?"

Sikuwa na jibu, na ndilo swali linaloniandikisha makala hii. Kwa sababu ni kweli, wale saba hawakumfanya awe sahihi. Alikuwa sahihi tangu ile asubuhi ya 2018, jua likiwaka, korongo likiwa kavu. Alijua kumenyesha juu. Alijua watu walishafia humo. Alikuwa na mtu wa mahali pale anamwambia asishuke. Uamuzi ulipaswa kupimwa kwa hayo yaliyojulikana saa tatu asubuhi. Kilichotokea saa kumi jioni hakimo kwenye hesabu. Vivyo hivyo, kama tungeshuka na kurudi salama tukipiga picha na kucheka, tungekuwa wapumbavu waliobahatika, na pengine mwaka uliofuata tungewapeleka vijana wengine tukiwaambia hakuna shida, sisi tulishuka.

Mwaona hatari ilipo? Bahati inafundisha vibaya. Dereva aliyevuka mto umejaa mara tano anaamini amejua mto. Desemba 2021, Mto Enziu kule Mwingi ulichukua basi la waimbaji waliokuwa wakienda harusi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Simhukumu mtu yeyote, na familia zile bado zinaomboleza. Lakini nani kati yetu hajaketi ndani ya gari la kanisa, harusi ni saa nne, mto umefura, na moyoni unaomba mtu mwingine aseme turudi ili lawama iwe yake?

Jambo moja sikuliona siku ile kabisa. Yule mzee alikuwa analipwa kwa kila kundi analoshukisha. Msimu wa mvua watu ni wachache, na sisi tulikuwa wateja wake wa kwanza siku hiyo, labda wa pekee. "Hapana" yake ilimtoa pesa mfukoni. Sisi "ndiyo" yetu ilikuwa ya kulinda picha. Mtu akikuambia neno linalomgharimu yeye mwenyewe, litegee sikio. Mhazini alilipima hivyo, aliniambia baadaye. "Nilimwangalia nikaona anakataa pesa yetu na anaihitaji. Nikajua hachezi."

Na hatukumlipa. Hakushuka, kwa hivyo hatukumpa kitu, hata nauli ya boda. Tulimwacha pale amesimama na gambuti zake tukaenda kununa na baiskeli.

Mwaka huu vijana wanataka kwenda tena, Agosti, siku mbili. Mhazini alikataa daftari. Alisema yeye safari hii atabeba begi lake na kijiko, basi. Daftari likaangukia mimi. Nimeandika matatu, baiskeli, unga, sukuma. Mstari wa kwanza kabisa nimeandika pesa ya mwongozaji, na mbele yake: alipwe akisema ndiyo, alipwe akisema hapana. Ndugu mmoja ameshaniuliza kwa nini tulipe mtu ambaye huenda hatatushukisha. Nimemwambia aje tunywe chai nimweleze.